Rafiki Yangu Anataka Kupunguza Nyumba

Mwanga, Kigoma
9 Februari 1997

Dada Marcelina,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani, miguu nimeiweka juu ya kiti cha pili, kwa sababu sasa ni mtu aliyestaafu na hakuna wa kuniuliza. Sisi hapa ni wazima. Wifi yako Melania ameng'olewa lile jino, na tangu ling'olewe maneno yake yamepata njia pana zaidi. Mwanetu Samson ameandika kutoka Mwanza kwamba mtoto wake wa pili ni wa kike na wamempa jina la Kelly. Nimemuuliza huyo ni mtakatifu gani, bado hajanijibu. Samaki wa migebuka wamekuwa wengi mwezi huu mpaka paka wa sokoni wanachagua.

Binamu yetu Pastory wa Kalinzi bado yupo hapa. Unakumbuka alikuja kuangaliwa mguu hospitali, akasema atalala siku mbili, na hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mguu ule umepona, sasa ameanza kulalamikia wa pili.

Mji umefurika, Dada. Wakimbizi wanaingia kutoka Burundi, wengine wanavuka ziwa kutoka Zaire, na nyuma yao yanakuja mashirika na magari yao meupe. Mashirika hayo yanatafuta nyumba kubwa za kupanga, na bei za nyumba zimepanda mpaka kila mwenye nyumba hapa Mwanga ananyoa ndevu asubuhi, asije akakutwa hovyo na mteja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nina rafiki yangu hapa, wewe humjui, ambaye naye alikuwa karani wa mizigo bandarini na amestaafu kama mimi. Ana nyumba kubwa, watoto wameshaondoka, na pensheni yake ni ya kushika kwa mikono miwili isije ikapeperuka. Akiba yake yote ya maisha aliijenga ukutani. Anasema nyumba hailiwi, ila ukiiuza inalika. Basi anafikiria kuiuza wakati huu wa neema, ajenge kijumba cha vyumba viwili kule Kidahwe, na kitakachobaki anunue shamba la michikichi akamue mawese, ale uzee wake taratibu. Tena anasema nyumba ndogo ina faida nyingine: haina pa kulaza wageni.

Anataka ushauri wa mtu mzima, nikamwambia nitamuuliza dada yangu. Jibu upesi, maana rafiki yangu huyu ni mtu wa haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Feliksi


Shule ya Wasichana, Morogoro
3 Machi 1997

Mdogo wangu Feliksi,

Marahaba. Shusha miguu kwenye kiti, kiti ni cha kukalia. Mpe Melania pole ya jino, mwambie asukutue kwa maji ya chumvi na asinyamaze. Mimi ni mzima. Mvua za huku zimeanza vibaya, na mabweni mawili yana wasichana wenye kikohozi ambacho kinapona siku ya disko na kurudi siku ya hesabu. Matroni ni matroni, nimeshawapa dawa chungu wote na sasa wanakohoa kwa adabu.

Kuhusu rafiki yako. Mwambie ni mpumbavu, na umsalimie. Mwambie wageni hawaletwi na ukubwa wa nyumba, wanaletwa na damu, na damu inajua njia ya Kidahwe. Halafu muulize hivi: ana dada? Kama anaye, amemwambia? Maana kwetu sisi mtu akitaka kuuza nyumba iliyolelea watoto, wa kwanza kuambiwa ni shangazi wa watoto hao. Shangazi akisikia habari hiyo sokoni, nyumba hiyo imeuzwa na laana zake.

Mimi bado niko kazini na nguvu ninazo, usijali. Ila nilitaka kuuliza kitu kidogo. Mlango wa chumba changu hapo kwako, kile cha mwisho upande wa mwembe wa jirani, una upana gani? Kabati linaweza kupita bila kufunguliwa miguu? Nauliza tu.

Dada yako,
Marcelina


Kigoma
27 Aprili 1997

Dada Marcelina,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Kalamu iliisha wino, nikanunua nyingine, Pastory akaiazima. Sisi ni wazima kabisa. Melania anasukutua. Ziwa limechafuka wiki hii, mitumbwi imelala, dagaa wamepanda bei, na watu wanakula maharage kwa huzuni.

Mlango wa chumba chako ni wa kawaida.

Rafiki yangu amekushukuru sana kwa ushauri. Bahati mbaya barua yako ilifika wakati ameshauza. Ana dada, ndiyo, lakini anasema dada huyo yuko mbali na ana majukumu mengi, akaona si vizuri kumsumbua. Nyumba ameinunua Hamdani wa Ujiji, yule mfanyabiashara wa dagaa, na yeye ameipangisha kwa shirika moja la wakimbizi. Ni mtu mwenye adabu mno, na adabu hiyo imemponza. Rafiki yangu, unajua, naye alikuwa na mgeni wake wa kudumu, maana kila nyumba ina mgeni wake wa mguu. Siku ya kuhama mgeni huyo alikataa kwenda Kidahwe, akasema ni mbali na hospitali. Hamdani alipokuja kuchukua funguo, mgeni akampokea mlangoni kwa heshima zote na kumkabidhi jogoo wa Kalinzi. Hamdani akampokea yule jogoo, akampeleka nyumbani, akaliwa. Sasa umeshakula jogoo wa mtu, utamwambia nini? Mgeni yumo hadi leo.

Kijumba cha Kidahwe nacho kina kisa chake. Rafiki yangu alimpata fundi kutoka kambini, Mrundi mmoja mwenye kibali, anaitwa Ngendakumana, mkono wake kwenye tofali ni wa dhahabu. Wakakubaliana vyumba viwili. Rafiki yangu akaenda mjini kutafuta misumari, aliporudi akakuta msingi wa vyumba vitatu.

"Hiki cha tatu ni cha nani?"

"Cha umushitsi, mzee. Cha mgeni."

"Mimi sina mgeni. Nimehamia huku ili nisiwe na mgeni!"

"Azoza," fundi akasema. Yaani atakuja tu.

Rafiki yangu akafoka sana habari za tofali na saruji yake. Fundi akamngoja amalize, kisha akamwambia: "Mzee, kwangu nilikuwa na vyumba sita. Siku tuliyokimbia maharage yalikuwa jikoni. Kutoka pale mpaka mpakani tumelala kwa watu nisiowajua majina. Mimi siwezi kujenga nyumba isiyo na pa kumlaza mtu. Mkono unakataa." Rafiki yangu akaenda kununua tofali nyingine.

Basi ndiyo habari. Sisi tupo tu.

Feliksi


Morogoro
18 Mei 1997

Mdogo wangu Feliksi,

Marahaba. Nashukuru barua imefika, ingawa ilinukia mawese mno kwa mtu anayekaa Mwanga. Mimi ni mzima, magoti tu yanalia ninapopanda ngazi za bweni la juu. Wasichana wamefanya mtihani, na mmoja wao, mtoto wa kwetu Ujiji, amerudi kutoka likizo na habari za mji. Anasema amepita mbele ya nyumba yako na ameona mlingoti wa redio mrefu kupita mnara wa kanisa, na magari mawili meupe uani. Hongera. Unasikiliza stesheni gani, mdogo wangu, inayohitaji mlingoti kama ule?

Nimesoma habari za rafiki yako nikacheka, kisha sikucheka tena. Kumbe na mimi nina rafiki hapa, matroni mwenzangu, wewe humjui. Amefikisha umri wa kustaafu tangu Desemba. Nyumba anayokaa ni ya shule. Akiba yake yote imesomesha watoto wa marehemu mdogo wa mumewe, na watoto wenyewe wamefaulu wakasahau anwani. Mwalimu mkuu amemwongezea muhula mmoja kwa huruma, lakini matroni mpya ameshaanza kuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Rafiki yangu huyo miaka yote hakujenga, kwa sababu alijua ana chumba kwa mdogo wake. Anauliza kama rafiki yako, katika kupunguza nyumba kwake, alikumbuka kubakiza chumba. Unijibu hilo, nimpelekee.

Halafu, kwa kuwa vyumba vya huku ni vidogo, nimetuma kwa treni vitu vichache: kabati, kitanda changu na cherehani. Si kwamba nahama. Vipokee, uviweke chumbani kwangu, dirisha lifunguliwe vipate hewa.

Marcelina


Kigoma
29 Juni 1997

Dada Marcelina,

Shikamoo sana. Nakupigia magoti kwa shikamoo hii. Sisi wazima, mifugo mizima, kila kitu kizima.

Stesheni ni nyingi.

Mizigo yako imefika salama. Mkuu wa mizigo stesheni ni kijana niliyemfundisha kazi, akanipa kwa heshima, ingawa akaniuliza kama nafungua duka. Kabati ni kubwa, Dada. Sikukumbuka kama ni kubwa hivi. Hata hivyo lipo mahali pazuri penye hewa ya kutosha. Kitanda vilevile kinapata hewa. Cherehani ndiyo iko ndani.

Nimemfikishia rafiki yangu swali la rafiki yako. Amesikitika kweli. Akasema hakujua. Anasema kama angejua kwamba huyo mama hana pengine, asingefanya haraka. Anasema alimwona kila mara kama mtu wa mshahara na sare, mwenye kuagiza watu mia nne, hakufikiri kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kukosa pa kulala. Anasema mwambie asimfikirie vibaya. Mimi nimemwambia maneno makali kwa niaba yenu.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi, sasa hivi lori linaondoka, yaani nataka kusema karani wa posta anafunga dirisha.

Feliksi

Wifi, ni mimi Melania, mdogo wako amekwenda kutafuta gundi ya bahasha. Hakuna rafiki. Tuko Kidahwe tangu mwezi wa nne. Kabati lako liko nje chini ya turubai la wakimbizi, kuku wanataga ndani ya droo ya chini. Chumba cha mgeni kina watu wa Kasulu. Mimi nilimwambia akwambie, akasema atakwambia kidogo kidogo. Nisamehe.


Kidahwe
24 Agosti 1997

Dada,

Shikamoo. Miezi karibu miwili hujanijibu, na mimi najua kukaa kwako kimya kulivyo, tangu utoto. Melania amekiri kwamba aliandika chini ya barua yangu. Nilikasirika mpaka nikaenda kulala mchana, nilipoamka hasira imekwisha na aibu imebaki.

Basi nasema mwenyewe. Nimeiuza nyumba ya Mwanga, na sikukwambia. Rafiki ni mimi.

Nilijua lazima nikwambie, ndiyo maana sikukwambia. Maana ningekwambia wewe ungeuliza mabati ni ya nani. Mwaka ule nilipokwama ukutani, nyumba ina kuta na haina kichwa, wewe ndiye uliyetoa mshahara wako mabati yakaja kwa treni, na fundi akaanza kuezeka kutoka chumba cha mwisho kwa amri yako, kikawa chako. Mabati hayo nimeyauza pamoja na nyumba. Hamdani hakuuliza ya nani, na mimi nikaangalia pembeni. Dada, naona aibu sana. Nimekula chumba chako.

Na hata hakikunishibisha. Nilichagua Kidahwe kwa kuwa ni mbali na watu, nikasahau kwamba kila gari la Kasulu linapita hapa. Wale waliokuja Mwanga angalau walikuwa na sababu, mguu au kesi. Hawa wanashuka kwa sababu gari limesimama. "Tumeona ni kwa Mzee Feliksi, tukasema tumsalimie." Salamu zinachukua wiki. Michikichi nayo niliyonunua ni mirefu kuliko nilivyoiona siku ya kununua, nadhani siku ile nilikuwa nawaza bei tu. Mimi siwezi kupanda, mpandaji anachukua nusu, na nusu yangu wanaimalizia wageni katika mboga.

Mwezi wa tano, uliponiandikia habari za mlingoti, nilikwenda Mwanga kupima ule mlango wako, nipate angalau cha kukujibu. Getini nikamkuta Pastory. Amevaa sare ya mlinzi, kofia, filimbi shingoni na buti mpya. Miguu yote miwili imepona! Shirika limemwajiri, wanasema anaifahamu nyumba vizuri kuliko mtu yeyote. Nikamwambia, "Pastory, fungua." Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Mzee, andika jina hapa kwanza, na unakwenda kumwona nani." Mimi, Dada! Niliyemlisha migebuka kwa mwaka na zaidi! Nikaandika jina langu kwenye daftari lao, mahali pa sababu ya kuja sikujua niandike nini. Nikarudi bila kuingia.

Nimekwambia yote. Nitukane tu, ila uniandikie.

Feliksi


Mwanga, Kigoma
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu Feliksi,

Marahaba. Barua hii inaletwa na Ngendakumana, fundi wako, ambaye amekuja hapa kutengeneza jiko. Mpe chai. Angalia tena juu ya karatasi, hukukosea kusoma. Niko Mwanga, chumbani kwangu, na dirisha liko wazi.

Kama uliniandikia tangu Agosti, barua hiyo sijaipata. Nilikuwa nimeshaondoka shuleni, kwa hiyo nadhani anayo matroni mpya. Kama ulikiri jambo lolote humo, umelikiri kwa mama mmoja wa Singida nisiyemjua vizuri. Haidhuru. Pastory amenieleza mengi, na nilimkataza kwa kiapo asikwambie kwamba nipo.

Nilishuka kwenye treni Agosti na vifurushi vyangu, nimeisoma barua ya Melania mara nyingi njiani. Ningeweza kuja moja kwa moja Kidahwe. Sikutaka. Nilikuwa na hasira inayohitaji nyumba kubwa. Nikaja hapa kama ninavyokuja siku zote. Pastory akapuliza filimbi, aliponitambua akaimeza pumzi yake, lakini akaleta daftari. Mahali pa sababu ya kuja nikaandika: Nakwenda chumbani kwangu.

Chumbani kwangu nikakuta kijana na ramani za ukutani. Jikoni nikakuta mpishi anachemsha migebuka bila kuitoa matumbo. Feliksi, unanijua. Nilikuja kugomba kwa ajili ya nyumba, nikajikuta nagomba kwa ajili ya samaki. Kufika jioni vijana wote wa shirika walikuwa wametandika vitanda, viatu viko mlangoni, na yule wa ramani nimemhamishia chumba cha Samson. Mkubwa wao ni mama anaitwa Carmen. Alirudi kutoka kambini amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta chakula mezani na nyumba imetulia. Akamuuliza Pastory mimi ni nani. Pastory akasema, "Huyu ndiye shangazi wa nyumba." Carmen akakaa akala, akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba tangu aje Kigoma hajawahi kulala bila kusikia kelele. Asubuhi akaniomba nibaki, kwa mshahara.

Hamdani alikuja wiki iliyofuata kuangalia nyumba yake. Akamkuta Pastory getini, mimi jikoni, na binti wa dada yake Pastory anafua. Maskini alisimama hapo ukumbini akiwa ameshika kofia. "Mama," akaniambia, "mimi nilinunua nyumba, kumbe nimeuziwa ukoo." Nikampa chai. Ni mtu mwema, ana sukari nyingi, nimemkataza vitumbua.

Sasa nikwambie lililo moyoni, nisije nikalizungusha kama wewe. Uliponiuliza ushauri wa rafiki yako nilijua siku ileile ni wewe. Hakuna mtu mwingine duniani anayesema pensheni inapeperuka. Nikangoja unitamkie. Nikakupa nafasi kwa swali la dada, nikakupa kwa mlingoti, mwishoni nikakutumia kabati zima. Mabati siyo yaliyoniuma. Nyumba ni yako, uliijenga, na mwenye kuzeeka ana haki ya kula alichojenga. Kilichoniuma ni kwamba ulinipunguza mimi kabla ya nyumba, ukanifanya mtu wa kupelekewa habari za rafiki. Na mimi nikafanya vilevile, nikaona aibu kukwambia kwamba dada yako mwenye sauti kubwa hana hata ukuta. Tumekuwa wazee wawili wajinga wenye stempu.

Wiki jana ulikuja mjini na madumu ya mawese. Ulipita hapa nje. Nilikuona kupitia pazia. Ulisimama ng'ambo ya barabara ukaitazama nyumba, ukavua kofia, kisha ukaondoka. Nilitaka kukuita, hasira ikanibana mdomo. Nilipofika mlangoni ulishapinda kona. Usiku huo sikula.

Kazi ni nzuri na chumba ni changu kwa sasa, lakini mimi si mtoto. Wakimbizi watarudi kwao, Mungu awarudishe salama, na shirika litang'oa mlingoti wake na kuondoka. Tena hata kabla ya hapo kuna Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Mpishi anakwenda kwao Ujiji, yule binti anapanda kwao Kalinzi, hata Pastory anajifanya ana kwao. Mimi nabaki hapa nafua mapazia masafi. Nataka na mimi Jumamosi nivae viatu na mtu aniulize, "Shangazi, unakwenda wapi?" nimwambie nakwenda kwetu.

Najua huko mmejaa. Sikuombi chumba. Niambie tu kama naweza kuja, na uniambie wewe mwenyewe, kwa jina lako.

Marcelina


Kidahwe
13 Oktoba 1997

Dada Marcelina,

Shikamoo. Ngendakumana amekunywa chai na sasa anangoja nimalize, kwa hiyo naandika haraka, na samahani kwa mwandiko. Melania amelia, mimi nimetoka nje kuwaangalia kuku.

Ni mimi Feliksi Ntakarutimana, mdogo wako, mwana wa mama yako, ninayekuandikia. Njoo. Njoo Jumamosi hii na zote zinazofuata, na siku shirika likiondoka njoo na mapazia yako.

Watu wa Kasulu siwezi kuwatoa, mmoja wao ameanza kulalamikia mguu. Kwa hiyo mimi na Melania tumehama chumbani kwetu tangu asubuhi. Tumetandika mkeka sebuleni, na Melania anasema mgongo wake umeshukuru. Chumba chetu kimefagiliwa, kitanda chako kimeingia, na kuku wamepewa notisi. Kuanzia leo ni chumba chako na kitaitwa hivyo.

Ila, Dada, nakuomba kwa jina la wazazi wetu, usikawie kufika na usimwambie Pastory. Kuna chumba kitupu ndani ya nyumba hii, na katika ukoo wetu habari kama hiyo haimalizi wiki bila kuleta mgeni.

Feliksi